Deni la Chogo

  

Kuna ubishi unaorudi kila mara kwenye baraza zetu za kahawa, na kila ukirudi unakuja na moto zaidi. Taarifa ya habari ikitaja wakimbizi, wawe wa Nduta na Nyarugusu kule Kigoma au wale wanaozama bahari ya Mediterania, baraza linagawanyika papo hapo. Kijana atasema, "Babu, warudi kwao. Sisi wenyewe ardhi hatuna, ajira hatuna, hospitali dawa mpaka ununue." Mzee atamjibu, "Mjukuu wangu, kwao ni wapi?" Basi hapo maneno yanahama. Mlianza na wakimbizi wa leo, mara mko kwenye utumwa, kwenye Mjerumani, kwenye Mwarabu, nani alimuuza nani, nani anamdai nani.

Wapo wanaoona kuhama huko ni kupotea njia. Mimi naona ndiko kuingia njiani. Utazungumzaje habari ya nani apokewe, bila kuuliza nani aling'olewa kwao, lini, na kwa mkono wa nani? Na mkoa wetu huu wa Tanga una ushahidi wa jambo hilo ulio hai, unaolima na kusomesha watoto. Uko Chogo, wilaya ya Handeni. Nawaomba mnisikilize kidogo nieleze habari yake tangu mwanzo, maana wengi wetu tuliozaliwa mkoa huu huu tumeisikia nusunusu.

Miaka ya 1830 nchi ya Uzigua, ambayo Handeni imo ndani yake, ilipigwa na njaa kubwa. Wazigua wenyewe waliipa jina, Kidyakingo, na jina hilo halijasahaulika mpaka leo. Mvua zilikata, ghala zikaisha, mbegu zikaliwa. Watu wakashuka pwani kutafuta cha kutia kinywani, na pwani wakakuta majahazi. Masimulizi yaliyohifadhiwa na wajukuu zao yanasema waliambiwa iko nchi yenye kazi na chakula. Watakwenda, watalima, watalipwa, na njaa ikipita watarudishwa. Wako waliojiweka rehani wenyewe, na wako waliowaweka rehani watoto ili waliobaki wapate kuishi. Vyombo vikatweka tanga kuelekea kaskazini. Walishushwa Barawa na Merka, pwani ya Somalia, wakauzwa kulima mashamba ya bonde la mto Shebeli. Hakuna aliyerudishwa.

Lakini hawakukaa wakafa utumwani kimya. Walitoroka. Masimulizi yao yanamtaja mwanamke aliyewaongoza, Wanakhucha, mtu wa maono, ambaye kwao ana heshima kama ya nabii. Nia ilikuwa moja: kufuata kusini kwa miguu mpaka Uzigua. Walifika mto Juba. Kulikuwa na maji, msitu wa kujificha na udongo wa kulima, na mbele yao kulikuwa na hatari. Wakatua hapo. Mahali pa kutua pakawa vijiji, vijiji vikaenea kando ya mto, na eneo lote likajulikana kwa jina la Gosha. Safari ya kurudi nyumbani ikakatikia hapo kwa miaka zaidi ya mia na hamsini.

Miaka mia na hamsini, jamani. Vizazi vitano, sita. Na muda wote huo walizungumza Kizigua. Waliendelea kuhesabu koo zao kwa upande wa mama kama walivyotoka nazo. Waitaliano walipoitawala Somalia waliwakamata kwa nguvu na kuwapeleka kwenye mashamba yao ya ndizi na pamba. Uhuru ulipokuja mwaka 1960, mtu wa Gosha alipata bendera, ila jirani yake aliendelea kumtazama kama mtoto wa mtumwa na kumuita kwa nywele zake. Babu akimsimulia mjukuu kando ya mto Juba, alimwambia kwetu si hapa. Kwetu ni Uzigua, huko kusini.

Mwaka 1991 serikali ya Siad Barre ikaanguka na Somalia ikawaka. Wakulima wa Juba walikuwa na nafaka na hawakuwa na bunduki. Hawakuwa na ukoo wenye jeshi wa kuwalipia kisasi. Kila kundi la wapiganaji lililopita lilipora mashimo yao ya kuhifadhia mahindi, likaua, likabaka. Maelfu wakavuka kuingia Kenya, wakafikia kambi za Dadaab. Na wako ambao hawakukomea Kenya. Watu kama elfu tatu hivi walishuka mpaka huku kwetu Tanga, wakapokewa Handeni, kwanza kambi ya Mkuyu, kisha wakahamishiwa makazi ya Chogo.

Mwenyeji wa Handeni aliyekwenda kuwaangalia Wasomali waliokuja, alimkuta mama aliyejifunga kanga, ana mtoto mgongoni, anamsemesha Kizigua. Matamshi yana ladha yake, baadhi ya maneno ni ya zamani, mengine ya kigeni, lakini wanaelewana. Elfu tatu hao walikuwa wakimbizi kwenye karatasi za Umoja wa Mataifa, na kwenye karatasi hizo hizo ilibidi waandikwe wageni katika nchi ambayo bibi wa bibi yao aliiacha akiwa na njaa.

Serikali yetu ilifanya jambo ambalo nitalisifu popote nitakaposimama. Iliwapa ardhi ya kulima na ikafungua mlango wa uraia. Kufikia Juni 2009, zaidi ya watu 1,300 wa Chogo walikuwa wameshapewa uraia wa Tanzania, na wengine wakiwa kwenye foleni. Kwetu husemwa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa walifika na jembe lao akilini. Walichohitaji ni mahali pa kulitumia.

Habari ingeishia hapo ningewaaga kwa furaha. Iko sehemu ya pili, nayo haisimuliwi sana.

Wengi wa ndugu zao walibaki Dadaab. Walitaka kuja. Miaka ya mwanzo ya tisini Tanzania ilionyesha nia ya kuwachukua. Kisha ukaja mwaka 1994. Mwishoni mwa Aprili, kwa muda wa siku moja hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda wakaingia Ngara. Nchi ililemewa, na mlango wa wale wa Dadaab ukafungwa. Msumbiji nayo ikakubali kuwachukua, halafu ikarudi nyuma. Mwaka 1999 Marekani ikasema itawapokea watu kama elfu kumi na mbili, na kuanzia mwaka 2003 wakaanza kupandishwa ndege. Leo wapo mji wa Lewiston, jimbo la Maine, kwenye baridi ambayo sisi wa Tanga hatuwezi hata kuifikiria. Mzigua anakwangua theluji mlangoni kwake, na Uzigua ipo, imekaa palepale, inapata mvua za vuli na masika.

Siwalaumu waliokuwa madarakani mwaka 1994. Mtu aliyeona kambi ya Benaco kule Ngara mwezi ule, vibanda vya matawi na karatasi za plastiki mpaka macho yanapoishia, hawezi kuzungumza kirahisi. Ila nataka tujue kwamba hiyo ndiyo gharama ya mlango kufungwa. Watu walikuwa wakienda nyumbani kwa mara ya pili, na kwa mara ya pili wakakwamia njiani.

Sasa turudi barazani. Je, Chogo ilikuwa hisani yetu au deni letu?

Wapo wanaosema hisani: tungeweza kukataa, hatukukataa, tushukuriwe, na mlango ufungwe. Mimi nasema deni. Na nikisema hivyo naulizwa haraka, "Deni la nani? Si Waarabu ndio walioendesha biashara ile? Wakawalipe wao." Ni kweli wenye majahazi na wenye mtaji walikuwa wafanyabiashara wa pwani na wa Uarabuni, na ushuru wa forodha ya Pangani na bandari nyingine uliingia hazina ya Sultani wa Unguja. Hakuna haja ya kulificha hilo. Lakini jahazi halikupanda milima ya Usambara. Baada ya kufa mfalme wa Usambara, Kimweri ye Nyumbai, mwaka 1862, wanawe na wajukuu waligombana, na mmoja wao, Semboja aliyekaa Mazinde, kando ya njia ya misafara, aliuza mateka wapelekwe Pangani ili apate bunduki na baruti. Wazigua wenyewe, waliolia Kidyakingo, baadaye walipata bunduki wakawavamia majirani zao, Wabondei na Wasambaa. Mimi upande wa mama ni Msambaa. Nasema haya nikiwa ndani ya nyumba, sikuchungulia dirishani. Walikuwepo waliouzwa na walikuwepo waliouza, na damu ya wote wawili imo ndani yetu, mara nyingi ndani ya mtu mmoja.

Na deni lenyewe lilishawahi kulipwa kichwa chini miguu juu. Sultani wa Unguja alipofuta utumwa mwaka 1897 chini ya shinikizo la Waingereza, amri ilitoa fidia. Fidia kwa nani? Kwa mabwana, kwa kupoteza watumwa wao. Aliyechapwa na kufanyishwa kazi bure hakupewa hata pesa moja. Huku bara Mjerumani hakuufuta kabisa utumwa. Aliuacha ufe polepole, akitoa hati za uhuru mojamoja. Tanganyika yote ilingoja mpaka mwaka 1922, chini ya Mwingereza, ndipo sheria ikaukomesha. Mahesabu hayo hayajafungwa na mtu yeyote mpaka leo.

Novemba 1 mwaka 2023, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alisimama Songea akaomba msamaha kwa waliyotendewa babu zetu katika vita vya Majimaji. Tulimsikiliza. Wengi tulisema maneno peke yake hayatoshi, na mimi ni mmoja wao. Miaka kumi kabla ya hapo, mwaka 2013, Uingereza ilikubali kuwalipa Wakenya 5,228 walioteswa wakati wa Mau Mau, na tukasema angalau hao wameonja haki. Hatukukubali hoja ya Mzungu kwamba aliyetenda ameshakufa na aliyepo hahusiki. Tulisema nchi haifi, na faida iliyoachwa na dhuluma inaendelea kurithiwa. Basi kama hoja hiyo ni ya haki ikiwa Songea, ni ya haki pia ikiwa Handeni. Kipimo tunachomshikia Mjerumani tukishike na sisi wenyewe.

Tena kisiishie kwa Mzigua. Hapa ndipo ninapotofautiana hata na baadhi ya wanaokubaliana nami. Wanasema, "Sawa, hao wa Chogo ni damu yetu, wapokewe. Lakini Mrundi wa Nduta anatuhusu nini?"

Anatuhusu sana. Muulize mzee yeyote wa Tanga aliyekulia kambi ya mkonge. Mkonge uliletwa na Mjerumani, Richard Hindorf, mwaka 1893, ukapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Wenyeji wengi waliikwepa kazi ile, na walikuwa na sababu. Mashamba yakaagiza watu kutoka mbali: Wamakonde wa Msumbiji, Wabena, Wanyamwezi, Waha, na Warundi. Tangu mwaka 1944 palikuwa na ofisi maalumu ya kuwakusanya, SILABU. Mtu aliitwa manamba. Alipewa kipande, kadi yenye vyumba thelathini, chumba kimoja kwa siku moja ya kazi. Chumba kilitiwa alama iwapo tu amekata majani ya kutosha, akayafunga mafungu ya majani thelathini, akayapanga kando ya reli ya trola, na nyapara akaridhika. Asiporidhika, chumba kinabaki kitupu na jasho limemwagika. Kipande hakilipwi mpaka kijae. Miba ya ncha za mkonge ilitoboa macho, maji yake yaliwasha ngozi. Wengine walirudi kwao na shuka na baiskeli. Wengine walizikwa humo humo, pembeni ya mistari ya mkonge.

Reli, bandari, majumba mazuri tunayoyapiga picha kule Raskazone, fedha yake nyingi ilipita kwenye vile vyumba thelathini. Huyo Mrundi tunayesema hatuhusu, inawezekana babu yake alikata mkonge Ngombezi au Muheza. Na wapo kati yetu hapa Nguvumali, mjini Tanga, majirani zangu, ambao babu zao ndio hao. Leo ni Watanga, wanazika na kuoza nasi, hakuna anayewauliza kipande.

Najua nchi hii imefanya mengi. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, wakageuza pori kuwa mashamba. Mwalimu Nyerere alitunukiwa nishani ya Nansen mwaka 1983 kwa sababu hiyo. Mwaka 2014 Warundi hao na watoto wao, zaidi ya 160,000, walianza kukabidhiwa vyeti vya uraia. Ziko nchi tajiri zilizotaka kufanya kinyume. Uingereza mwaka 2022 ilipanga kuwasafirisha waomba hifadhi mpaka Rwanda. Mahakama yake ya Juu ikasema ni kinyume cha sheria mwaka 2023, na mwaka 2024 mpango ukaachwa. Wenye uwezo mkubwa ndio waliotafuta njia ya kuhamisha mzigo.

Lakini na sisi tumebadilika. Desemba 1996 tuliwasukuma Wanyarwanda kuvuka mpaka kurudi, wengine wakiwa hawataki. Sheria ya mwaka 1998 inamfunga mkimbizi ndani ya kambi. Hatoki bila kibali. Mwaka 2018 tulijitoa kwenye mpango wa kimataifa wa kuwashirikisha wakimbizi katika maisha ya jamii, kwa sababu za usalama na fedha. Kambi ya Mtendeli ilifungwa mwaka 2021. Na Warundi waliokuja baada ya ghasia za mwaka 2015 wamekuwa wakihimizwa kurudi, huku mgao wao wa chakula ukipunguzwa mara kadhaa kwa sababu wafadhili wamelegea.

Kijana wa barazani asidhani nimemsahau. Malalamiko yake ni ya kweli. Handeni ni nchi ya shida ya maji. Mama anaamka alfajiri na ndoo. Ardhi inagombewa na mkulima na mfugaji. Ukimwambia mtu huyo akaribishe wageni bila kumchimbia kisima, unamtukana. Anayetaka mwenyeji awe mkarimu ahakikishe mwenyeji naye anakunywa, na kila shule na zahanati inayojengwa kwa ajili ya mkimbizi iwe na mlango kwa mtoto wa kijiji jirani. Ila namuomba kijana asielekeze hasira kwa aliyefika mikono mitupu. Kisima hakikuchimbwa miaka yote kabla mkimbizi hajaja.

Namkumbusha pia jambo la jirani kabisa. Januari 2001, baada ya watu zaidi ya thelathini kuuawa katika maandamano visiwani, Wapemba zaidi ya elfu mbili walipanda mashua usiku wakavuka hadi Shimoni, Kenya, hapo tu ng'ambo ya mpaka wa Horohoro. Watanzania, watu wa bahari yetu hii, wakaandikwa wakimbizi. Kenya haikuwauliza babu zao walikuwa nani. Iliwauliza wanakimbia nini.

Ninayoyaomba ni haya. Kila mtu wa Chogo ambaye bado hana cheti cha uraia apewe, na watoto waliozaliwa pale wasirithi ukimbizi. Shule za mkoa wa Tanga zinazowapeleka wanafunzi kwenye mapango ya Amboni na magofu ya Tongoni ziwapeleke na Chogo, wakasikie habari ya Kidyakingo na Wanakhucha kwa vinywa vya wenyewe, wangali hai wale waliozaliwa kando ya Juba. Na serikali isimrudishe mtu yeyote Burundi mpaka mtu huyo mwenyewe, bila njaa kumsukuma wala askari kumsimamia, aseme yuko tayari.